Wiki mbili Italia kwa treni na gari: jinsi ya kupanga safari inayotekelezeka

Mpango unaoletwa kila mara na wanaotaka kwenda Italia ni huu: Milano, Venezia, Firenze, Cinque Terre, Roma, Napoli, pwani ya Amalfi na Sicilia, vyote ndani ya siku 14, tena kwa gari la kukodi tangu uwanja wa ndege wa kwanza. Kisha maswali yanafuata. Itawezekana? Nikodi gari au nipande treni? Viza nitaombaje wakati sijajua nitalala wapi?

Mpango huo hautekelezeki. Unaotekelezeka upo, na mwongozo huu unaujenga hatua kwa hatua kwa mfano mmoja kamili: Venezia, Firenze, vijiji vya Val d'Orcia kusini mwa Toscana, halafu Roma. Ukielewa ulivyojengwa, unaweza kubadilisha miji na hesabu isivunjike. Shika kanuni moja tu: treni ni ya miji, gari ni la mashambani kati ya mji na mji. Gari katikati ya Firenze au Roma ni mzigo unaoulipia, na mashambani Toscana bila gari utashinda unasubiri basi.

Majina ya miji hapa yameandikwa Kiitaliano kwa makusudi. Ndivyo yalivyo kwenye tikiti na mabango ya stesheni, na wapo wanaotafuta "Florence" kwenye ubao wa treni mpaka treni inaondoka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayobaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Italia ikiwemo), na yenye kurasa 2 tupu.
- Viza ya Schengen. Pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda zinaihitaji. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya matibabu ya safari iwe ya angalau euro 30,000.
- Leseni ya udereva pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Kibali hiki hutolewa katika nchi iliyokupa leseni. Ukikisahau nyumbani, Italia hakuna wa kukupa.
- Kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Kadi ya kawaida ya benki hukataliwa na kampuni nyingi za magari, au hukubaliwa kwa sharti la kununua bima yao ya bei kubwa. Kadi ya mume kwa dereva ambaye ni mke haifai, hata wakiwa wamesimama pamoja kaunta.
- Begi moja unaloweza kulinyanyua mwenyewe. Venezia imejaa madaraja yenye ngazi, na treni hazina mtu wa kukupokea mzigo.

Hatua ya 1: Hesabu usiku, usihesabu siku

Tikiti ya siku 14 ina usiku 13. Siku ya kwanza unafika umechoka, siku ya mwisho ni ya uwanja wa ndege. Zimebaki 12.

Sasa ondoa gharama ya kuhama. Kila unapobadilisha mahali pa kulala, nusu siku imeondoka: kufunga mizigo, kutoka hotelini saa nne au saa tano asubuhi, safari yenyewe, kisha kusubiri chumba kipya ambacho mara nyingi hakitolewi kabla ya saa nane au saa tisa mchana. Ukihama mara 3 umepoteza siku moja na nusu. Ukihama mara 7, kama ule mpango wa mwanzo unavyotaka, zimekwenda siku tatu na nusu, na bado hujapatwa na ucheleweshaji wowote.

Kwa hiyo vituo 4 vya kulala ndio ukomo. Na kituo cha usiku mmoja usikihesabu kuwa kituo, maana kinakupa jioni moja tu na kukudai nusu siku mara mbili. Mgawanyo wa mfano wetu ni huu:

- Venezia: usiku 3
- Firenze: usiku 3
- Val d'Orcia: usiku 3
- Roma: usiku 4

Roma imepewa usiku wa ziada na imewekwa mwisho kwa sababu ndege ya kurudi inaondokea huko. Usiku wa mwisho ulale katika mji wa ndege yako, daima. Mgomo mmoja wa treni unatosha kukukosesha ndege ukiwa bado uko mbali.

Hatua ya 2: Ingia kwa mji mmoja, toka kwa mwingine

Unapotafuta ndege, usichague "kwenda na kurudi". Chagua safari ya miji mingi: kwenda Venezia, kurudi kutoka Roma. Bei mara nyingi haipishani sana, na unaokoa treni ya karibu saa 4 ya kurudi ulikotoka.

Kuhusu viza: unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, hata kama ndege itapitia nchi nyingine ya Schengen. Hapa ni Italia. Ila kumbuka kwamba ukaguzi wa pasipoti unafanyika kwenye uwanja wa kwanza wa Schengen utakaoshuka, kwa hiyo saa moja ya kubadilisha ndege hapo ni kujitakia mbio. Tafuta ndege yenye nafasi ya saa 2 au zaidi.

Hatua ya 3: Chagua siku ya kuanza

Hatua hii wengi huiruka, halafu wanafika Firenze Jumatatu na kukuta milango imefungwa. Uffizi na Accademia, makumbusho ya sanaa ya Firenze, hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambayo kuingia ni bure na umati wake si wa kawaida. Ofisi za kukodi magari katika miji midogo hufungwa Jumapili.

Ukiipitisha ratiba ya mfano (ipo hatua ya 8) kwenye kalenda, matokeo ni haya: ukifika Venezia Jumamosi, Jumapili, Jumatatu au Jumanne, kila kitu kinakaa mahali pake. Ukifika Jumatano, siku ya Accademia inaangukia Jumatatu na ya Vatikani Jumapili. Ukifika Alhamisi, siku ya Uffizi inaangukia Jumatatu. Ukifika Ijumaa, siku ya kurudisha gari ni Jumapili. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mpango wako wowote kabla ya kulipia ndege.

Angalia pia sikukuu: 25 Aprili, 1 Mei, 2 Juni na 15 Agosti. Hiyo ya mwisho, Ferragosto, ni kilele cha likizo ya Waitaliano wenyewe. Joto ni kali, pwani zimejaa, na mijini maduka mengi ya familia yamefungwa. Kama una uhuru wa kuchagua, nenda Mei au mwisho wa Septemba.

Hatua ya 4: Weka malazi yanayoweza kufutwa

Ubalozi unataka kuona utakapolala, nawe hujui kama viza itatoka. Jibu ni kuweka nafasi zenye ruhusa ya kufuta bila malipo, zikiwa kwa jina lililo kwenye pasipoti. Hakikisha tarehe ya mwisho ya kufuta iko baada ya siku unayotarajia majibu.

Mahali pa kulala ni muhimu kuliko nyota za hoteli:

- Venezia: soma anwani. Hoteli ya "Venezia" yenye bei ya kushangaza mara nyingi iko Mestre, upande wa bara. Hilo si kosa ukiwa umeliamua, lakini utapanda treni au basi kila siku.
- Firenze na Roma: umbali wa kutembea kutoka stesheni, au kwenye njia ya tramu au metro.
- Val d'Orcia: nyumba ya shambani, yaani *agriturismo*, nje ya kuta za mji na yenye maegesho yake. Pienza au Montepulciano ni pazuri kuzunguka.

Kodi ya utalii hulipwa kwenye malazi, kwa kila mtu kwa kila usiku. Weka euro za noti pembeni, kwani baadhi ya nyumba huitaka taslimu. Venezia pia hutoza wageni wa kutwa kwa siku maalumu za mwaka. Anayelala mjini halipi, lakini anapaswa kujiandikisha ili apate uthibitisho wa msamaha.

Hatua ya 5: Nunua tikiti za treni, kila aina kwa wakati wake

Treni za kasi zina kampuni mbili: Trenitalia, ambayo treni zake ni Frecciarossa, na Italo. Tikiti ya moja haikubaliki kwenye nyingine hata kama zinakwenda mji uleule na kuondoka saa ileile. Bei zake hupanda kadiri siku inavyokaribia, na tikiti ya bei ya chini kabisa mara nyingi haibadilishwi wala kurudishiwa pesa. Zinunue viza ikishatoka. Kupoteza nafuu ya bei ni afadhali kuliko kupoteza tikiti nzima.

Treni za kawaida za mikoa, *Regionale*, zina bei isiyobadilika na hazina namba ya kiti. Hakuna faida ya kuzinunua mapema. Ila tikiti ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kilicho stesheni kabla ya kupanda. Isiyogongwa inahesabika kama hukulipa, na mkaguzi hasikilizi kwamba ulikuwa hujui. Tikiti ya simu nayo ina hatua yake ya kuithibitisha siku ya safari.

Katika mfano wetu unahitaji safari mbili tu za lazima: Venezia Santa Lucia hadi Firenze Santa Maria Novella, saa 2 na dakika kama 15 kwa treni ya kasi, na Orvieto hadi Roma Termini, saa moja na robo hivi.

Makosa matatu ya kujihadhari nayo. Kwanza, saa. Tikiti huandikwa kwa mfumo wa saa 24: 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, 19:15 ni saa moja na robo usiku. Andika zote mbili kwenye ratiba yako. Pili, stesheni: Venezia Mestre si Santa Lucia, na Firenze Campo di Marte si Santa Maria Novella. Tatu, kuchelewa kwa "dakika moja tu": milango hufungwa kabla ya muda ulioandikwa. Uwe kwenye jukwaa, *binario*, dakika 10 kabla.

Hatua ya 6: Kodi gari kwa siku unazolihitaji tu

Siku 4 zinatosha. Lichukue siku unayotoka Firenze, si siku unayofika. Lichukulie uwanja wa ndege wa Firenze, ambako tramu ya T2 inafika kwa dakika kama 20 kutoka stesheni kuu, kwa sababu ukichukulia katikati ya mji unaanza safari ukiwa umezungukwa na kamera za maeneo yaliyozuiwa. Lirudishe Orvieto, mji mdogo wenye stesheni kwenye njia ya Roma. Kuna ada ya kuliacha mji mwingine. Ilipe kwa moyo mweupe, inakuepusha na kuendesha Roma.

Unapoweka nafasi, pitia haya:

1. Aina ya gia. Gari la kawaida kule ni la kubadilisha gia kwa mkono. Unataka otomatiki? Liombe mapema na lionekane kwenye hati.
2. Saa za ofisi ya kurudishia. Nyingi hufungwa mchana, kisha hufunguliwa tena alasiri.
3. *Franchigia*, yaani kiasi utakachowajibika nacho gari likipata ajali au kuibwa. Bima ya kukifuta ni ghali kaunta na nafuu ukiinunua mapema, lakini ukinunua kwingine kampuni bado itazuia dhamana kubwa kwenye kadi yako. Hakikisha ukomo wa kadi unatosha.
4. Mafuta: chagua masharti ya kuchukua tenki limejaa na kurudisha limejaa.
5. Ukubwa. Chukua dogo. Vichochoro vya vijiji havikujengwa kwa magari.

Kabla hujatoka maegeshoni, piga picha pande zote nne, magurudumu, kioo cha mbele na geji ya mafuta. Fanya hivyohivyo unaporudisha.

Hatua ya 7: Jifunze barabara kabla ya kuwasha gari

Italia wanaendesha upande wa kulia. Kwa aliyezoea Nairobi au Dar es Salaam, usukani uko kushoto, gia iko mkono wa kulia, na kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha mwendo wa saa huku ukiwapisha waliomo ndani. Hatari kubwa haipo kwenye barabara yenye magari mengi, kwa kuwa huko unawafuata wenzako. Ipo asubuhi, unapotoka kwenye njia tupu ya shambani na mwili unarudi kwenye mazoea ya nyumbani. Aliyekaa pembeni aseme "kulia" kila mnapoingia barabarani. Siku mbili za kwanza, fanyeni hivyo bila aibu.

Kisha kuna ZTL, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. *Zona a Traffico Limitato* ni eneo la katikati ya mji ambalo gari lisilo na ruhusa haliingii. Alama yake ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu. Hakuna kizuizi wala askari, ni kamera tu inayosoma namba ya gari. Ubao ukisema *varco attivo*, zuio linafanya kazi, usiingie; *varco non attivo*, halifanyi kazi kwa wakati huo. Ramani ya simu haitakuonya kila mara. Kila lango unalopita ni faini yake, na kampuni ya gari hukukata ada yake kwa kutoa jina lako, mbali na faini yenyewe.

Dawa ni kuegesha nje ya kuta na kuingia kwa miguu. Siena, kwa mfano, tumia maegesho ya Santa Caterina, yana ngazi za umeme za kukupandisha mjini. Rangi za mistari: nyeupe ni bure (soma kibao cha muda), bluu ni ya kulipia, njano ni ya wenye ruhusa. Mizigo isionekane ndani ya gari hata kwa dakika tano.

Mengine kwa ufupi. Mabango ya kijani ni barabara kuu za *autostrada*, ya bluu ni barabara nyingine. Kwenye *autostrada* unachukua tikiti ukiingia na kulipa ukitoka. Kaa mbali na njia zenye maandishi ya Telepass peke yake, ni za magari yenye kifaa cha kulipia. Mwendo wa juu ni kilomita 130 kwa saa, mvua ikinyesha 110, mijini 50. Kamera nyingine hupima wastani wa mwendo kati ya nukta mbili, hivyo kupunguza mbele ya kamera hakusaidii. Kwenye pampu, *benzina* ni petroli na *gasolio* ni dizeli. Usidanganywe na jina hilo la pili, linafanana na "gasoline" ya Kiingereza. Pampu ya *servito* ina mhudumu na bei ya juu zaidi.

Hatua ya 8: Jaza ratiba, na acha siku moja tupu

- Siku ya 1: kufika Venezia. Usipange chochote.
- Siku ya 2: San Marco na Palazzo Ducale.
- Siku ya 3: visiwa vya Burano na Murano, kwa boti ya umma namba 12 kutoka Fondamente Nove.
- Siku ya 4: treni ya asubuhi kwenda Firenze.
- Siku ya 5: Uffizi, kwa tikiti ya saa uliyoiweka mapema.
- Siku ya 6: Accademia asubuhi. Mchana, Pisa kwa treni ya mkoa, saa moja hivi.
- Siku ya 7: kuchukua gari, Siena, kulala karibu na Pienza. Ni kama kilomita 130 tu, na kwa siku ya kwanza ya usukani zinatosha.
- Siku ya 8: Montepulciano na Bagno Vignoni.
- Siku ya 9: Montalcino na abasia ya Sant'Antimo.
- Siku ya 10: kurudisha gari Orvieto kabla ya ofisi kufungwa mchana, treni kwenda Roma.
- Siku ya 11: Kolosseo na Foro. Tikiti zina jina na saa. Jina lifanane na la pasipoti.
- Siku ya 12: Vatikani. Ikiwa ni Jumatano, anza na makumbusho, kwa kuwa asubuhi basilika huwa imefungwa Papa anapokutana na mahujaji.
- Siku ya 13: tupu.
- Siku ya 14: treni ya Leonardo Express kutoka Termini hadi Fiumicino, dakika 32.

Siku ya 13 ina kazi kubwa: ndiyo itakayobeba chochote kilichoharibika huko nyuma. Kama hakuna kilichoharibika, itumie kwenda Napoli na Pompei. Treni ya kasi ni saa moja na dakika 10 kila upande, kisha treni ya Circumvesuviana dakika 40 hivi hadi magofuni. Ni siku ndefu, ondoka alfajiri.

Mambo yakienda mrama

*Kuna mgomo wa treni.* Neno ni *sciopero*, na hutangazwa kabla. Siku za kazi, treni za mikoa zina saa zilizohakikishwa: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Sogeza safari yako humo. Treni za masafa marefu zina orodha ya zile zitakazotembea.

*Treni imechelewa.* Kuanzia dakika 60 unastahili kurudishiwa asilimia 25 ya nauli, kuanzia dakika 120 asilimia 50. Hifadhi tikiti na utume dai.

*Umeingia ZTL.* Ikiwa hoteli yako iko ndani ya eneo hilo, waombe siku ileile waandikishe namba ya gari. Vinginevyo, faini itakufuata nyumbani baada ya miezi. Ukiilipa ndani ya siku 5 tangu kuipokea, inapungua kwa asilimia 30.

*Kizuizi cha malipo kwenye autostrada hakifunguki.* Usirudi nyuma hata kidogo. Bonyeza kitufe cha msaada. Utapewa karatasi ya deni, nawe una siku 15 za kulilipa mtandaoni.

*Umejaza mafuta yasiyo yake.* Usiwashe injini. Gari ambalo halijawashwa linasafishwa tenki. Lililowashwa linaweza kuhitaji kubadilishiwa mfumo mzima wa mafuta.

*Siku zimepungua, zimebaki 11.* Usipunguze usiku mmojammoja kila mahali. Ondoa Val d'Orcia yote na gari lake, panda treni ya moja kwa moja kutoka Firenze hadi Roma, saa moja na nusu hivi. Siena bado unaweza kuiona kwa basi la kutwa kutoka Firenze.